Kurudufu na Kukata Nusu

Mtoto mmoja wa darasa la tano alikwenda pamoja na bibi yake kuuza nazi. Shamba lao lilikuwa mbali na barabara. Basi nazi zilichukuliwa kwa punda muda wa siku mbili, zikapangwa katika makapu chini ya mwembe mkubwa, mahali ambapo mnunuzi alikuja na gari lake mara moja kila mwezi. Nazi zote zilikuwa zimekwisha kufuliwa. Makapu yalikuwa 23, na kila kapu lilitiwa nazi 36. Hapakuwa na lililozidi wala lililopungua, kwa maana bibi yule alizihesabu kwa mkono wake mwenyewe zilipokuwa zikitiwa.

Mnunuzi akafika saa nane, akamwamkia bibi, akaanza kazi. Alikuwa na haraka, kwa sababu wingu la mvua lilikuwa limetanda upande wa baharini, naye alikuwa na vituo viwili vingine mbele yake. Hakuhesabu nazi moja moja. Alihesabu makapu, akafungua mawili ili aone kama kweli zimo 36, kisha akatoa kalamu na kipande cha karatasi, akazidisha, akasema, "Bibi, nazi zako ni mia nane na kumi na nane. Nikulipe?"

Bibi akajibu, "Ngoja kidogo, mwanangu." Akamgeukia mjukuu wake, akamwuliza, "Wewe ndiwe msomaji wetu. Je, hesabu hiyo ni sawa?"

Kijana alijua jedwali la kuzidisha mpaka mara kumi na mbili, tena alilijua vizuri. Lakini ishirini na tatu mara thelathini na sita haimo katika jedwali lile. Akafumba macho, akajaribu kuifanya kichwani. Akapata mia sita na kitu, ikampotea. Akaanza tena, ikampotea tena. Akainamisha kichwa asiseme neno. Nadhani wengi wenu mmekwisha kuonja aibu ya namna hiyo.

Bibi hakumkemea. Aliokota kokoto 23 kando ya barabara, akazimwaga juu ya mchanga. "Kila kokoto ni kapu moja," akasema, "na kapu lina thelathini na sita."

Kisha akazipanga mbili mbili. Zikawa jozi 11, na kokoto moja ikabaki bila mwenzake. Hiyo akaiweka karibu na shina la mwembe, akasema, "Thelathini na sita hii inangoja." Halafu akaondoa kokoto moja katika kila jozi, akaitupa mbali. Zikabaki kokoto 11, lakini sasa kila moja ilikuwa badala ya makapu mawili. "Thelathini na sita na thelathini na sita ni sabini na mbili," akasema. "Basi kila moja ya hizi ni sabini na mbili."

Akazipanga mbili mbili mara ya pili. Zikawa jozi 5, na kokoto moja ikabaki. Akaiweka karibu na ile ya kwanza, kwa mstari, akasema, "Na sabini na mbili hii inangoja." Akaondoa tena moja katika kila jozi, zikabaki kokoto 5, kila moja badala ya makapu manne, yaani nazi 144. Akazipanga mara ya tatu. Jozi 2, na moja ikabaki. Ikawekwa mstarini: 144. Akaondoa tena, zikabaki kokoto 2, kila moja nazi 288. Akazipanga mara ya nne: jozi 1, wala haikubaki hata moja. "Hapa hapana mkiwa," akasema bibi. Akatupa moja, ikasalia kokoto moja tu, nayo ilikuwa badala ya makapu kumi na sita, yaani nazi 576. Hiyo haikuwa na mwenzake wa kupangwa naye, basi nayo ikawekwa mstarini.

Zikawa kokoto nne karibu na shina la mwembe. Bibi akazigusa moja moja kwa kidole: "Thelathini na sita na sabini na mbili, mia na nane. Na mia na arobaini na nne, mia mbili hamsini na mbili. Na mia tano sabini na sita." Akanyamaza kidogo. "Mia nane na ishirini na nane. Mwanangu, nazi zangu ni mia nane na ishirini na nane."

Mnunuzi alikuwa ameanza kutabasamu alipoziona kokoto; sasa akaitazama karatasi yake. Alikuwa amezidisha 3 kwa 6, akapata 18, akaandika 8, na ile kumi aliyoiweka akilini akaisahau. "Kweli, Bibi, nimekosa," akasema. "Unisamehe." Akafuta, akalipa nazi 828.

Mimi simhesabu mtu yule kuwa mwizi. Alikuwa na haraka, na kumi iliyowekwa akilini ni kitu chepesi kupotea. Lakini angalieni: kama bibi asingekuwa na njia yake mwenyewe ya kujua, nazi kumi zingekwenda na gari, na hapana mtu ambaye angeliziuliza. Mtu aliyekosa hakujua kwamba amekosa, na kijana aliyesoma shule hakuweza kumwonyesha.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, kijana akauliza, "Bibi, nani aliyekufundisha?"

"Hapana aliyenifundisha kwa ubao, mjukuu wangu. Mama yangu alikuwa akipima mtama, nami nikimshikia kikapu. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Kwenda juu ni maradufu, kurudi chini ni nusu. Mtu akikaa na pishi miaka mingi, hesabu hiyo humwingia."

Ndivyo ilivyo. Vipimo vya zamani vya pwani, kabla ya kilo na lita, vilifuatana kwa kurudufu. Kibaba, kisaga, pishi: kila kimoja ni maradufu ya kile kilichotangulia. Na nguo kadhalika: shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono miwili ni wari moja, wari mbili ni pima moja. Basi pima ina shibiri nane, na shibiri ni thumuni ya pima, kwa maana thumuni ni sehemu moja ya nane. Ukitaka kuipata, kata pima nusu, ukate nusu hiyo nusu, ukate tena. Hapana haja ya kujua kugawanya kwa nane. Yatosha kujua kukata nusu mara tatu.

Sasa tuziandike kokoto za bibi kwa tarakimu. Upande wa kushoto tuandike idadi ya makapu, upande wa kulia nazi za kapu moja. Kushoto tukate nusu, tukiacha moja inayobaki, kulia turudufu. Twaendelea hivyo mpaka kushoto ifike 1.

23 ........ 36
11 ........ 72
5 ......... 144
2 ......... 288
1 ......... 576

Hesabu iwezayo kugawanyika mbili sawasawa huitwa shufwa, kama 2, 4, 6, 8. Isiyoweza, bali hubakiza moja, huitwa witiri, kama 1, 3, 5, 7. Basi tazameni safu ya kushoto, na kila mahali palipo na shufwa mfute mstari wote. Hapa shufwa ni moja tu, nayo ni 2. Basi 288 yafutwa. Jumlisheni zilizosalia upande wa kulia: 36 na 72 na 144 na 576. Jumla ni 828.

Wengi hufundishwa njia hii kama mazingaombwe: kata hapa, rudufu hapa, futa pale, jibu hilo! Mimi sipendi ifundishwe hivyo. Mtu asiyejua kwa nini mstari wa 2 wafutwa, siku moja atafuta mstari usiostahili, naye hatajua kwamba amekosa. Atakuwa kama mnunuzi yule na kumi yake. Na sababu mmekwisha kuiona kwa macho mchangani. Palipo na witiri, palibaki kokoto isiyo na mwenzake, ikawekwa kando, nayo lazima ihesabiwe mwishoni. Palipo na shufwa, kokoto zote zilipata wenzao, haikubaki hata moja. Basi mstari ule hauna kitu cha kuhesabiwa, kwa kuwa nazi zake zote zimekwisha kuingia katika mstari unaofuata. Tukizihesabu hapa na kule, tutazihesabu mara mbili.

Kama safu ya kushoto haina witiri kabisa ila ile 1 ya mwisho, kazi ni rahisi mno. Tuseme makapu ni 16, na kila kapu lina nazi 35. Makapu 16 ya 35 ni sawa na makapu 8 ya 70, nayo ni sawa na makapu 4 ya 140, nayo ni sawa na makapu 2 ya 280, nayo ni sawa na kapu moja kubwa lenye nazi 560. Hapana kilichobaki njiani, hapana cha kujumlisha. Upande mmoja ukipungua nusu na wa pili ukiongezeka maradufu, jumla haigeuki.

Chukueni karatasi mkunje mara moja. Urefu wake umekatwa nusu, na unene wake umerudufiwa; karatasi yenyewe haikuongezeka wala haikupungua. Kunjeni tena, na tena. Mtaona kwamba mara ya sita au ya saba karatasi ya daftari hukataa, kwa sababu unene umekuwa tabaka 64 au 128, na urefu uliosalia haufiki hata upana wa vidole viwili vya kuishikia. Watu wengi waliamini kwamba hapana karatasi yoyote iwezayo kukunjwa zaidi ya mara saba au nane. Mwaka 2002 msichana mmoja wa shule katika California, Marekani, jina lake Britney Gallivan, alifanya hesabu ya jambo hili, akajua urefu unaotakiwa kwanza ili kuwe na cha kukata nusu mara nyingi. Kisha akachukua karatasi nyembamba ya msalani yenye urefu wa meta 1,200 hivi, akaikunja mara 12. Tabaka zikawa 4,096. Alishinda kwa hesabu, si kwa nguvu za mikono.

Vitabu vya hesabu vya Ulaya huiita njia ya bibi yule njia ya wakulima wa Urusi. Lakini kuzidisha kwa kurudufu ni kazi ya kale kuliko Urusi yenyewe, na ushuhuda wake watoka katika bara letu la Afrika. Katika nchi ya Misri, mwaka 1550 hivi kabla ya kuzaliwa Kristo, mwandishi mmoja jina lake Ahmose alinakili kitabu cha hesabu juu ya karatasi ya mafunjo. Yeye mwenyewe aandika kwamba anakili maandiko ya zamani zaidi, nayo yakadiriwa kuwa ya miaka mia tatu hivi kabla yake. Mwaka 1858 Mskoti mmoja, Alexander Henry Rhind, aliinunua karatasi hiyo katika mji wa Luxor, na tangu mwaka 1865 imo katika Makumbusho ya Uingereza mjini London. Ilipokuwa nzima ilikuwa na urefu wa meta 5 hivi, nayo imejaa maswali: kugawa mikate kwa watu, kupima ghala za nafaka, kupima mashamba.

Wamisri wa kale hawakuwa na jedwali la kuzidisha kama letu. Waliandika moja kwa kijiti, kumi kwa alama kama tao, mia kwa kamba iliyozungushwa, elfu kwa ua la yungiyungi. Mtu aliyetaka kurudufu aliandika kila alama mara mbili tu, na vijiti vikifika kumi akaweka tao moja mahali pao. Kwa hiyo kurudufu kulikuwa kazi nyepesi kwao kuliko kazi nyingine zote, nao wakajenga hesabu zao juu yake.

Mwandishi wa Misri angezihesabu nazi za bibi hivi. Angeandika 1 na 36, kisha angerudufu pande zote mbili:

1 ........ 36
2 ........ 72
4 ........ 144
8 ........ 288
16 ....... 576

Angeacha hapa, kwa maana 16 ikirudufiwa ni 32, nayo yapita 23. Kisha angetafuta upande wa kushoto hesabu zinazofanya 23: kumi na sita na nne ni 20, na mbili ni 22, na moja ni 23. Angetia alama mbele ya mistari hiyo minne, akajumlisha upande wa kulia. Linganisheni sasa na kokoto zilizowekwa karibu na shina la mwembe: 36, 72, 144, 576. Ni zilezile! Bibi alikata nusu, Mmisri hakukata. Lakini kokoto iliyobaki kila mara ilikuwa ikimwonyesha bibi ni maradufu gani yatakiwa. Ya kwanza ilikuwa kapu 1, ya pili makapu 2, ya tatu makapu 4, ya nne makapu 16. Hesabuni: makapu 23.

Pengine mwanafunzi mwenye akili atauliza, Je, kila hesabu yaweza kupatikana hivyo, kwa kujumlisha 1, 2, 4, 8, 16 na nyinginezo za namna hiyo, bila kuirudia hata moja? Ndiyo, kila hesabu, tena kwa njia moja tu. Mwenye duka aliye na mizani na mawe matano, la kilo 1, la kilo 2, la kilo 4, la kilo 8 na la kilo 16, aweza kupima uzito wowote wa kilo nzima tangu 1 mpaka 31. Akitaka 11, aweka 8 na 2 na 1. Akitaka 31, aweka yote. Akitaka 32, ndipo aongeze jiwe la sita.

Kugawanya nako hufanyika kwa jedwali lilelile, kwa kulisoma kinyume. Tuseme mmepewa nazi 828 mzitie 36 katika kila kapu. Yatakiwa makapu mangapi? Rudufuni 36 kama hapo juu. Toeni kwanza iliyo kubwa inayoweza kutoka: 828 kutoa 576, zabaki 252. Toka 252, 288 haitoki, iacheni. Toeni 144, zabaki 108. Toeni 72, zabaki 36. Toeni 36, hapana kilichobaki. Upande wa kushoto wa zile zilizotolewa pana 16, 4, 2 na 1. Makapu ni 23.

Katika kitabu cha Ahmose limo swali moja ambalo watu wamelipenda sana. Zimo nyumba 7, paka 49, panya 343, kisha nafaka, kisha vipimo vya nafaka, kila kimoja mara saba ya kilichotangulia, nayo yataka jumla ya vyote. Mwandishi aipata jumla kwa kujumlisha zote tano. Tena, kando yake, aonyesha njia ya pili, kuzidisha 2,801 kwa 7. Azidisha kwa kurudufu:

1 ........ 2,801
2 ........ 5,602
4 ........ 11,204

Moja na mbili na nne ni saba; basi zote tatu zajumlishwa, nazo ni 19,607. Jibu ni sahihi. Lakini katika orodha ya vitu vitano Ahmose alikosa tarakimu moja alipoandika, na kosa lake liko palepale kwenye mafunjo mpaka leo, miaka zaidi ya elfu tatu na mia tano. Sitawaambia ni wapi. Mtalitafuta wenyewe mwishoni. Jambo jema ni kwamba alikuwa na njia mbili za kufikia jumla, na jumla yake haikuharibika kwa kosa hilo.

Wamisri walijua pia kukata nusu. Kipimo chao cha nafaka kiliitwa hekati, nao waliikata nusu, robo, thumuni, kisha sehemu ya 16, ya 32 na ya 64, kama mama yake bibi alivyorudi kutoka pishi hata kibaba, ila wao walishuka mbali zaidi. Mkizijumlisha sehemu hizo sita hazifanyi hekati nzima. Yapungua sehemu moja ya 64. Kata nusu mara nyingi kadiri upendavyo, siku zote itapungua ile ya mwisho.

Hata mashine za siku hizi ziitwazo kompyuta zafuata njia hii. Ndani yake zimo tarakimu mbili tu, 0 na 1. Sisi tukitaka kuzidisha kwa kumi twaongeza sifuri mwishoni. Kompyuta ikiongeza sifuri mwishoni huwa imerudufu, na ikitaka kuzidisha hesabu mbili kubwa yaweza kurudufu na kujumlisha zile zinazotakiwa, kama Mmisri alivyotia alama mbele ya mistari yake. Tofauti ni kwamba yenyewe haichoki, wala haisahau kumi iliyowekwa akilini.

Kwa kazi ya sokoni yafaa kujua na njia fupi. Kuzidisha kwa 5, kata nusu ya hesabu yako, uongeze sifuri: 48 mara 5 ni 240. Kuzidisha kwa 50, kata nusu, uongeze sifuri mbili: maembe 48 kwa shilingi 50 kila moja ni shilingi 2,400. Kuzidisha kwa 25, kata nusu mara mbili, uongeze sifuri mbili: 36 mara 25 ni 900. Na ikiwa hesabu ni witiri, msiisahau kokoto iliyobaki: 37 mara 5, nusu ya 37 ni 18 na imebaki moja, 18 yawa 180, na ile moja ni 5 yake, jumla 185.

Neno la mwisho kuhusu namna ya kuandika. Katika kuzidisha kwa kukata nusu, afadhali hesabu ndogo iwe kushoto, kwa maana mistari itakuwa michache. Lakini mkimaliza, geuzeni pande mfanye tena. Bibi angeanza na 36 kushoto na 23 kulia, angepata hivi: 36, 18, 9, 4, 2, 1; na kulia 23, 46, 92, 184, 368, 736. Witiri ni 9 na 1 tu. Basi 92 na 736: jumla 828. Njia mbili zikikutana mahali pamoja, mtu aweza kumtazama mnunuzi usoni.

Mazoezi

1. Tumieni kokoto, kisha tarakimu: 19 mara 45. Ni kokoto ngapi zilizowekwa kando, na kila moja ni badala ya ngapi?

2. Zidisheni 32 kwa 27 kwa kukata nusu upande wa 32. Kwa nini hapa hapana cha kujumlisha?

3. Mwenye duka ana mawe ya kilo 1, 2, 4, 8 na 16. Mteja ataka sukari kilo 29. Ataweka mawe gani? Jiwe la kilo 4 likipotea, ni uzito gani kati ya 1 na 31 ambao hataweza kuupima kwa kuweka mawe upande mmoja tu wa mizani?

4. Gawanyeni 765 kwa 45 kwa njia ya Wamisri.

5. Makapu ni 27, kila kapu lina machungwa 48. Mnunuzi asema machungwa ni 1,246. Mwonyesheni jibu lililo sahihi, kisha mtafute ni tarakimu gani aliyoisahau akilini.

6. Ahmose aliandika hivi: nyumba 7, paka 49, panya 343, nafaka 2,301, vipimo 16,807. Kila moja yapasa kuwa mara saba ya iliyotangulia. Alikosa wapi? Isahihisheni, kisha mjumlishe zote tano, mwone kama mtapata 19,607.